Kalamu Imeinuliwa kwa Mgonjwa, Haikuinuliwa kwetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye humtoa mja wake katika unyonge wa utoto, akamtia nguvu za ujana, kisha akitaka humrejeza katika unyonge wa pili. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu wa Garsen na vijiji vya mto Tana, na nyinyi wana wa huko mlioshuka Malindi na Mombasa, au mliovuka bahari kutafuta riziki: darasa letu limeona ni wajibu kusema juu ya jambo linalofichwa ndani ya majumba. Nalo ni hali ya wazee wetu waliopatwa na maradhi ya ubongo yasiyopona. Yuko asahauye majina ya wanawe wa kuwazaa. Yuko atetemekaye mikono hata kikombe kisimfikie kinywani. Na yuko aliyelala kitandani miaka, asiweze kugeuka ubavu ila ageuzwe.

Watu wengi hudhani kwamba kusahau huku ni uzee tu. Si hivyo. Uzee humpunguzia mtu wepesi wa kukumbuka, lakini haumsahaulishi njia ya nyumbani kwake wala matumizi ya kijiko. Haya ni maradhi, na yanajulikana. James Parkinson, tabibu wa London, aliandika juu ya maradhi ya kutetemeka mwaka 1817. Na kabla yake kwa karne nyingi Ibn Sina alikwisha kuzungumza juu ya mtetemo katika kitabu chake cha Qanun. Alois Alzheimer, tabibu wa Ujerumani, aliyaeleza maradhi ya kusahau mwaka 1906. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 waliopotewa na kumbukumbu kwa maradhi ya namna hii, na walio wengi wao wamo katika nchi zisizo tajiri kama yetu.

Na Qur-ani ilikwisha kututanabahisha. Katika Sura an-Nahl, aya ya 70, na Sura al-Hajj, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba miongoni mwetu wako watakaorudishwa katika umri dhalili, hata asijue kitu aliyekuwa mjuzi. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Basi jambo ambalo Mtume amejikinga nalo, sisi tutamcheka vipi aliyefikwa nalo?

Lakini ole wetu! Kwetu mzee akianza kusema peke yake, au akionekana usiku katika ua wa jirani asijue alipo, watu hawasemi, "Huyu ni mgonjwa." Wengine husema amepanda pepo, akapelekwa ngomani akafukizwa. Wengine husema neno baya zaidi: kwamba ni mchawi, amekamatwa akiwanga. Katika kaunti jirani ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa tuhuma hii, na Kaya Godoma, huko Ganze, imewapokea wazee waliokimbia majumba yao wakiwaogopa jamaa zao wenyewe. Muogopeni Mungu! Kumtuhumu Muislamu bila ya ushahidi ni dhambi, na kuua nafsi isiyo na hatia ni katika dhambi kubwa kabisa. Mzee aliyepotea njia usiku ashikwe mkono arudishwe kwao.

Sasa sikilizeni hukumu ya sharia. Imepokewa katika Hadithi kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka irudi. Kwa hiyo mzee ambaye akili yake imeondoka haandikiwi dhambi kwa sala aliyoiacha, wala kwa saumu, wala kwa tusi lililomtoka. Asigombezwe kwa hayo. Ama ambaye akili yake ni timamu na mwili ndio uliodhoofu, huyo sala ingali juu yake: asali kwa kukaa, akishindwa asali kwa ubavu, na akishindwa aashirie. Na akiwa hawezi tena kufunga, atatolewa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Lakini fahamuni vizuri, enyi ndugu. Kalamu ile iliyoinuliwa kwake haikuvunjwa. Inaandika, na sisi ndio tuandikwao. Kila neno asilolikumbuka yeye, sisi tutaulizwa nalo. Katika Sura al-Israa, aya ya 23 na 24, Mola ameharamisha hata kuguna mbele ya mzazi aliyezeeka, akaamrisha kumwinamishia bawa la unyenyekevu. Aya haikusema kwamba amri hiyo ni kwa mzazi anayekutambua tu. Na baya kuliko kuguna ni lile lifanywalo na baadhi ya watu, la kumshika mzee dole gumba akatia alama katika hati ya shamba, hali hajui ni nini. Mauzo ya asiye na akili ni batili, hata yakipigwa mihuri kumi. Mali yake isimamiwe kwa uadilifu, mbele ya Kadhi na mashahidi, na itumike katika kumwuguza yeye.

Na kuuguza ni elimu, si huruma peke yake. Bi Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema katika msikiti wa Madina, akiwauguza majeruhi, na humo ndimo alimolazwa Saad bin Muadh baada ya vita vya Khandaq. Khalifa al-Walid bin Abdulmalik aliweka mtumishi kwa kila kiwete na kiongozi kwa kila kipofu. Basi nasi tujifunze haya yafuatayo.

Kwanza: mgonjwa apelekwe hospitali, Ngao au Hola, kabla ya kukatiwa tamaa. Ziko sababu za kusahau zinazotibika, kama upungufu wa vitamini na maradhi ya tezi ya shingo. Na mzee aliyevurugikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, huenda ana malaria, au ugonjwa wa mkojo, au kiu ya joto la Garsen. Huyo asingojwe hata kesho. Mtume (s.a.w.) ameamrisha tujitibu, na akabainisha kwamba uzee ndio usio na dawa. Lakini kisicho na dawa hakikosi matunzo.

Pili: asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ngozi yake itazamwe kiunoni, nyongani na visiginoni. Kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu au weusi mdogo, na kikiachwa hufika mfupani, kikaua.

Tatu: alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na asilazwe mara amalizapo. Wagonjwa hawa hupaliwa upesi. Uji mzito huwa salama kuliko maji matupu. Na dawa za maradhi ya Parkinson zitolewe kwa saa zake hasa, zisicheleweshwe.

Nne: asibishanwe naye. Akimwulizia mumewe aliyekufa zamani, kumwambia kila siku kwamba amekufa ni kumfisha upya kila siku. Mwulizeni habari za mumewe, naye atatulia. Msomeeni al-Fatiha, kwani yaliyohifadhiwa utotoni ndiyo hubaki mwisho, na huenda akaipokea akaimaliza.

Tano: jua likichwa wengi wao huzidi kufadhaika na kutaka kutoka. Taa iwashwe mapema, mlango uwekewe kengele, na njia ya mtoni ichungwe, kwani mto wetu una mamba na viboko. Asifungwe kamba. Kamba humpumzisha mfungaji, humtesa mfungwa.

Sita: usafi. Mwanamume husafishwa na mwanamume na mwanamke na mwanamke, panapowezekana. Pasipowezekana, dharura huruhusu: mwana afunike utupu wa mama yake kwa shuka, azungushie mkono wake kitambaa, amsafishe. Hapana aibu hapo. Aibu ni kumwacha katika najisi hata mwanamke apatikane.

Saba: mafuriko. Mto ulitoka mwaka 1961, ukatoka 1997, na 2018, na 2023, na utatoka tena. Kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iwe imekwisha kupanga nani atambeba, na dawa zake zimo katika mfuko gani. Akifikishwa kambini asiachwe peke yake hata kidogo, na jina lake na la jamaa yake lishonwe katika nguo, kwa kuwa mahali pageni humpoteza maradufu.

Limebaki swali moja, nalo ndilo zito: ni nani wa kuyafanya haya? Katika nyumba nyingi ni mtu mmoja, naye ni binti asiyeolewa, au mke wa mwana. Mwaka wa tatu ukifika, mwuguzi naye ni mgonjwa. Na hali wana wa kiume wako mjini, hutuma shilingi elfu mbili mwisho wa mwezi, wakajiona wametimiza. Juueni kwamba mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi hawakumwajibisha mke kuwahudumia wazazi wa mumewe. Akifanya ni hisani yake, na hisani hushukuriwa, haiamrishwi. Wazazi ni juu ya watoto wao. Basi watoto wakae shauri moja, wagawe zamu za usiku, na asiyeweza kuja amlipe mtu wa kusaidia, aje mwenyewe siku za likizo apokee kazi, na yule anayeuguza apate kulala. Na majirani na watu wa msikiti wawe na zamu yao pia, japo ya saa moja baada ya alasiri.

Mtume (s.a.w.) amemtaja kwa hasara mtu aliyewadiriki wazazi wake wawili, au mmoja wao, katika uzee, kisha asiingie Peponi kwa sababu yao. Mlango huo umo ndani ya nyumba zetu, katika chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha kamba. Mama hamjui tena amlishaye. Anayemjua ni Mola wao wote wawili.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa hatujui lolote, utupe subira ya kuwalea nao hawajui lolote, na utukinge na umri dhalili. Amin.

Wabillahi tawfiq.