Mashine za Kupeleka Kajiado

Ujumbe ulitokea kwenye skrini ya mashine ya tatu, ile iliyo karibu na mlango, asubuhi moja ya Oktoba 2025. Mteja alikuwa ameshaketi, anataka kuprinti CV. Aliusoma, akanigeukia: "Bosi, hii inasema Windows yako imeisha." Nikamwambia abonyeze tu ile X aendelee. Akabonyeza. CV ikatoka. Akalipa shilingi 20, akaenda zake.

Saiba yetu iko Kitengela, hatua chache kutoka barabara ya Namanga. Ina kompyuta nne, printa mbili, na feni moja ambayo kazi yake ni kuhamisha vumbi kutoka kona hii hadi ile. Mwenye biashara ni dada yangu. Mimi ni fundi, karani, na mtu wa kuulizwa ritani za KRA zinafungwa lini. Jioni hiyo nilimweleza habari ya ule ujumbe, na kwamba hakuna hata moja kati ya mashine zetu inayoweza kuhamia Windows 11. Hakusita.

"Basi tunanunua mbili za maana za hapa. Hizi tupeleke Kajiado."

Kajiado mjini alikuwa amekodi chumba kidogo, tawi letu la pili. "Si ziko sawa?" akasema. "Huko watu wanataka tu kuprinti na kufungua eCitizen."

Nilikubali papo hapo. Hesabu ilikuwa safi: hakuna mashine inayotupwa, hakuna pesa inayopotea, Kitengela inang'aa na Kajiado inapata saiba. Ni usiku, nikiwa nimelala, ndipo nilipoanza kusikia kitu kinanikwaruza.

Kwanza tuelewane ni nini hasa kilichoisha. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 2015. Mashine hazikuzima. Ukiwasha inawaka, ukiandika inaandika. Kilichosimama ni ukarabati. Kila programu kubwa ina nyufa ambazo waliyoitengeneza hawakuziona. Zikigunduliwa, kampuni hutuma kiraka. Sasa zikigunduliwa, zinabaki wazi, na wezi wanajua ziko wapi.

Kuhamia Windows 11 hakulipishwi, lakini mlangoni kuna masharti: chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel huwa ni kizazi cha 8 kwenda juu, yaani kuanzia 2017 hivi. Zetu ni kizazi cha 4. Unaweza pia kununua muda. Kwa biashara, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, na inaongezeka maradufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Mashine tulizozinunua kwa shilingi 14,000 moja zinadai karibu shilingi 8,000 ili ziendelee kulindwa mwaka mmoja.

Hapo ndipo hasira inapoingia, na mimi naona ni hasira halali. Kompyuta zetu ni mitumba, zile wauzaji huziita ex-UK. Zilianza maisha katika ofisi fulani Uingereza. Ofisi ikaamua kununua mpya, hizi zikapakiwa, zikavuka bahari, zikatua Nairobi, zikapanda pikapu hadi Kitengela. Kwa miaka sita zimelisha familia. Sasa mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kuziona, anatangaza kwamba zimezeeka. Chuma hakijachoka. Aliyechoka ni yule aliyeahidi kukihudumia.

Wahenga hawakuwa na kompyuta lakini hii vita walishaipigana. Usiache mbachao kwa msala upitao, wakasema. Mkeka wako mkuukuu unaujua. Ule mzuri unaopita una mwenyewe, na atauchukua. Mtu wa mbachao atakuambia: mashine inafanya kazi, haina deni, mpya zinatamanisha kwa sababu ni mpya tu. Atakukumbusha pia kwamba kompyuta ikitupwa haipotei. Ina risasi na plastiki ya kuchomwa mahali fulani, na moshi wake utavutwa na mtoto wa mtu.

Lakini wahenga hao hao walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtu wa ufa naye ana ushahidi. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kufunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma za Uingereza ziliathirika vibaya. Inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Na kiraka cha kuziba ule ufa kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Watu hawakukiweka. Pengine kuna aliyeona ujumbe kwenye skrini, akabonyeza X.

Nilikaa siku kadhaa katikati ya hizi methali mbili, nikidhani lazima moja ishinde. Kisha nikagundua kwamba nilikuwa nauliza swali vibaya. Nilikuwa nauliza, "Je, mashine hii inafaa kubaki na mfumo wa zamani?" kana kwamba mashine ndiyo itakayoumia.

Nina laptopu yangu nyumbani, nayo ni Windows 10. Naandikia insha na kutazama filamu. Nikiamua kuiacha ilivyo, nimeamua juu ya hatari yangu. Nikiibiwa, nimejiibisha. Hapo mtu wa mbachao anashinda, na hakuna wa kunilaumu ila mimi.

Mashine ya saiba ni kitu kingine. Wanaoweka nenosiri pale si mimi wala dada. Ni kijana anayetuma maombi ya HELB, mama anayefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mfanyakazi wa EPZ anayeangalia barua pepe zake mara moja kwa wiki. Mtu anapoketi kwenye kiti chetu anatuachia kitu bila kutamka. Kiswahili kina neno lake: amana. Na amana ina sheria moja ngumu. Ukiwekewa kuku, huna ruhusa ya kumlaza nje kwa sababu wewe binafsi huogopi kicheche.

Mwaka juzi kuna msichana alikuja, macho mekundu. Mtu alikuwa ameingia kwenye akaunti yake ya barua pepe, akabadilisha nenosiri, na ndani mlikuwa na vyeti vyake vyote na mawasiliano ya kazi aliyokuwa akiisubiri. Alitaka nimsaidie kuifungua. Tulihangaika saa mbili, ikashindikana. Sijui kama iliibiwa kwenye mashine yetu. Inawezekana ilikuwa simu yake, inawezekana saiba nyingine. Wakati ule Windows 10 ilikuwa bado inakarabatiwa, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimezima masasisho kwa sababu yanakula bando. Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba hakunilaumu. Alinishukuru. Hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuulizia.

Sasa turudi kwa wazo la dada, ambalo lilikuwa pia wazo langu. Ofisi ya Uingereza ilipoona mashine zimepitwa, ilizisukuma chini, zikatufikia. Sisi tukaona zimepitwa, tukataka kuzisukuma chini tena, kilomita 50 hivi, kupita Isinya hadi Kajiado. Kifaa kusafiri hivyo si dhambi. Mitumba imenivalisha tangu utotoni. Lakini shati la mitumba likiwa na tundu, mnunuzi analiona. Huku tundu halionekani. Tulichokuwa tunataka kusafirisha si mashine pekee. Tulikuwa tunasafirisha hatari, na tuliichagulia Kajiado kwa sababu moja ambayo dada aliisema bila ubaya wowote: "Huko hawataulizia."

Hapo ndipo penye kidonda. Kutouliza kwao ndiko kulikofanya hesabu yetu iwe safi.

Nilipomwambia dada haya, alinijibu kama mtu anayelipa kodi ya nyumba mbili. "We, ukingoja mashine takatifu, Kajiado hakutafunguliwa. Huyo mzee wako atapanda matatu hadi huku na nauli atalipa nani? Wewe?" Ni hoja nzito. Saiba yenye ufa huenda ikawa bora kuliko kukosa saiba, na mara nyingi anayezuia kitu kwa jina la usalama wa maskini hana foleni ya kupanga mwenyewe. Nilipendekeza tubandike tangazo ukutani: mashine hizi hazilindwi, tumia kwa hiari yako. Dada akacheka. Naye alikuwa sahihi tena. Kumwambia mtu kuna hatari, huku hana mlango mwingine wa kuingilia, hakumpi hiari. Kunakupa wewe kinga.

Ilibaki njia ya tatu, ambayo tulikuwa tunaikwepa kwa sababu inagharimu jasho. Mfumo wa Linux haudai TPM wala kizazi cha 8. Toleo la Ubuntu la Aprili 2024 linapokea viraka bure hadi 2029. Hata jina lake lina ujirani nasi: neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa "utu" wetu. Gharama yake ni nini? Siku za kusakinisha. Printa moja inayosusia. Fomu za Excel zenye makro ambazo hazifunguki vizuri. Wateja wanaoona kitufe kimehama na kudhani tumewaharibia. Gharama hizo zote zinatuangukia sisi, dada na mimi. Nilipofika hapo nikaona ndiyo sababu haswa ya kuichagua: kwa mara ya kwanza mzigo ulikuwa umetua kwa wale wanaopata faida.

Basi Novemba nilikuwa Kajiado, nimepiga magoti mbele ya CPU nikisakinisha. Mzee mmoja wa upande wa Isinya alikuwa ameketi kwenye benchi, bahasha ya hati za shamba mapajani, anangoja kuskeni.

"Kijana wangu, unafanya nini hapo?"

"Nabadilisha mfumo, mzee. Hii ya zamani wameacha kuilinda."

"Na usipoupenda huo mpya, unaweza kurudi?"

Nikamwambia nimehifadhi nakala. Nikaongeza kwamba hata wale wanaohamia Windows 11 hupewa siku 10 za kurudi nyuma.

Akacheka kidogo. "Siku 10. Sisi ranchi yetu ilipogawanywa hatukupewa hata moja."

Ranchi za vikundi zilikuja kwa sheria ya 1968: ardhi ya Wamaasai ikasajiliwa kwa jina la kikundi. Huku Kitengela, kufikia miaka ya 1980, ugawaji ukaanza, kila mwanachama na hati yake. Ulikuwa mfumo mpya, na uliahidi mengi. Ploti ninayofanyia kazi ni matunda yake. Mzee hakusema ulikuwa mbaya. Alisema tu kwamba walikuwepo walioelewa hati inaweza kufanya nini, na walikuwepo waliotia kidole gumba, na kwamba wale wa kwanza walikaa kimya. "Hakuna aliyetudanganya," alisema. "Hatukuulizwa, na sisi hatukujua la kuuliza."

Nilimaliza kusakinisha. Nikaskeni hati zake, nikazituma, kisha nikamwonyesha jinsi ya kutoka kwenye akaunti yake ili anayeketi baada yake asiikute wazi. Nikamweleza, kwa lugha ya kawaida, kwa nini mashine ya wiki iliyopita, ile aliyotumia kwetu Kitengela alipopitia kumwona bintiye, haikuwa salama kama hii.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaikunja bahasha yake taratibu, akauliza, "Na wiki iliyopita ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua, mzee."

Akatikisa kichwa, akalipa, akatoka. Niliporudi Kitengela jioni ile, kabla hata ya kula, nilianza na mashine ya tatu, ile iliyo karibu na mlango.