Na Yeye Anacheza Lini?

Mwezi wa Julai mwaka 2019 mjukuu wangu mwenye umri wa miaka kumi na minne alikuja Mazwi kututazama sisi wazee wake. Julai ni mwezi wa baridi kali huku kwetu Ufipa, na mtoto yule aliyezaliwa Uingereza hakuweza kuamini kwamba Afrika kuna mahali ambapo mtu hulala na mablanketi matatu. Jioni tulikuwa tukikaa jikoni karibu na jiko la mkaa. Jioni moja akatoa kwenye begi lake sanduku dogo la karata, akaniuliza kama najua kucheza.

Nilimjibu kwamba najua sana. Tulicheza karata chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu, tena baada ya taa kuzimwa, jambo ambalo nilipokuwa mwalimu mkuu sikulisimulia kwa mwanafunzi yeyote. Nikasubiri azipange kopa, uru, shupaza na pau, yale majina ambayo Waswahili waliyapata kwa Wareno. Lakini karata zake zilikuwa za namna nyingine kabisa. Kila moja ilikuwa na picha ya jitu, au mnyama, au moto, au mlima, na chini ya picha maandishi madogo mfano wa maelezo ya dawa.

Mchezo huo unaitwa Magic: The Gathering. Aliyeubuni ni Richard Garfield, Mmarekani, mtaalamu na mwalimu wa hesabu, na karata zake za kwanza ziliuzwa mwaka 1993. Karata nyingi alizokuja nazo mjukuu wangu zilikuwa za baba yake, yaani mwanangu, aliyezinunua miaka hiyo ya 1990 akiwa mwanafunzi huko huko Uingereza. Kuna rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Kila rangi ina ardhi yake. Kijani hupata nguvu zake kutoka msituni, nyekundu milimani, buluu visiwani, nyeusi kwenye vinamasi, na nyeupe kwenye nchi tambarare. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai, na anayemmalizia mwenzake pointi hizo ndiye mshindi.

Mpaka hapo sikuona la ajabu. Lililonishangaza ni hili: kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe. Katika karata zetu fungu ni moja. Huchanganywa, hukatwa, hugawiwa, na tajiri na maskini huchota humo humo. Ukipata mkono mbaya utamlaumu aliyegawa, au Mungu, lakini huwezi kusema kwamba jirani yako amekuja na karata nzuri kutoka nyumbani kwake. Katika mchezo huu jirani anakuja nazo kutoka nyumbani kwake. Amekaa wiki nzima akichagua karata zisizopungua 60, akizitoa hizi na kuziingiza zile, na kwa hiyo nusu ya mchezo imekwisha kuchezwa kabla ninyi wawili hamjaonana.

Mjukuu wangu alikuwa akiunda fungu la rangi tatu. Siku tatu mkeka wa bibi yake ulifunikwa na karata, na bibi akawa anapita pembeni kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Niliuliza kwa nini asitumie rangi moja tu, maana hata mimi niliona kwamba mwenye rangi tatu anaweza kujikuta ameshika karata za milima na ardhi yake yote ni misitu. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba zipo karata mbili ambazo kila moja peke yake haina maajabu, ila zikikutana mchezo umekwisha, na kwa bahati mbaya zina rangi mbalimbali. Ya kijani inaitwa Channel. Nyekundu inaitwa Fireball. Rangi ya tatu, buluu, aliiongeza kwa ajili ya kuchungulia na kuchota karata haraka, ili zile mbili zikutane mapema.

Naomba msomaji anivumilie nieleze jinsi zinavyofanya kazi, kwa sababu jambo lote ninalotaka kulisema limo humo. Fireball ni mpira wa moto: kadiri unavyoutia nguvu ndivyo unavyounguza. Ukitia nguvu kumi unaondoa uhai wa pointi kumi. Kwa kawaida nguvu hutoka kwenye ardhi, na ardhi hutandazwa moja tu kwa kila zamu, hivyo moto mkubwa huchukua muda mrefu. Channel inavunja utaratibu huo. Kwa zamu ile moja inakuruhusu ugeuze uhai wako mwenyewe kuwa nguvu, pointi moja ya uhai kwa nguvu moja. Mwenye misitu miwili na mlima mmoja anaweza kulipa uhai wake 19, akatupa moto wa 19, na mpinzani akabaki na 1. Wote wawili wamebaki na 1. Kwa hiyo mjukuu wangu alitia pia karata ndogo ya radi, Lightning Bolt, inayoondoa pointi 3. Akianza na radi mpinzani ana 17. Ndipo anamlipia 17 na kummaliza, naye anabaki na pointi 3 mkononi.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, basi nilichukua kalamu. Sheria inaruhusu karata nne tu za jina moja, ukiacha zile za ardhi za kawaida. Mchezo huanza kwa kuchota karata saba. Ukiwa na nne za jina moja katika 60, utaikuta moja ndani ya hizo saba karibu mara 40 katika 100. Kuzikuta Channel na Fireball pamoja ni karibu mara 15 tu katika 100. Nilimwonyesha hesabu hiyo nikidhani itamvunja moyo. Alifurahi, akaongeza karata mbili za buluu.

“Sasa,” nikamwuliza, “huyo mwenzako, wakati wewe unafanya haya yote, na yeye anacheza lini?”

“Hachezi, Babu,” akasema. “Kama fungu ni zuri, hapati nafasi ya kucheza.”

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akiwa ameinama juu ya karata zake. Nilicheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi, na baridi haikuwa sababu.

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha uwanda huu. Wanaokumbuka miaka ile wanajua hali ilivyokuwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limetuletea watoto wote shuleni, na hilo lilikuwa jema, lakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mtihani wa darasa la saba ukija, kijiji kizima kingeweza kukosa hata mtoto mmoja wa kuendelea. Shule yangu ilikuwa imekosa miaka kadhaa mfululizo, na wazazi walikuwa wameanza kuniuliza watoto wanakuja shuleni kufanya nini.

Darasa la saba lilikuwa na watoto 47. Mimi na walimu wenzangu tulikaa ofisini tukachagua tisa. Tisa hao tuliwaweka kambini, yaani walilala katika darasa moja kwa muda wa miezi mitatu, na kila usiku tuliwafundisha kwa taa ya karabai. Mafuta ya taa yalikuwa adimu kuliko sukari, na mwenye nayo aliyauza kwa bei aliyoitaka. Shule ilipata wapi fedha? Tulikuwa na shamba la maharage, kwa mujibu wa Elimu ya Kujitegemea. Waliolipalilia na kulivuna msimu ule ni wale 38 waliobaki. Tisa tuliwasamehe kazi ya shamba ili wasichoke.

Matokeo yalipotoka tulikuwa tumepata nafasi mbili. Kijiji kilipika pombe ya ulezi, nami katika mkutano wa walimu wakuu nilisimamishwa na kupigiwa makofi. Mmoja wa wale wawili alikuwa mwanangu. Hakupendelewa, alikuwa wa nne darasani, na mwalimu yeyote angemtia katika tisa. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kama nisingeyasema haya ningekuwa nimeficha karata mkononi. Kutokana na mafuta yale alikwenda sekondari, kisha Uingereza, huko akanunua karata hizi na kumzaa mtoto huyu aliyelala chumba cha pili.

Miaka mingi nimejitetea hivi. Lita chache za mafuta ukiwagawia watoto 47 hazimfikishi yeyote. Ukiwapa tisa, zinawafikisha wawili. Haki inayowaacha wote gizani sawasawa ina faida gani? Mkulima anayejua kazi hapandi mbegu kila mahali, anatazama udongo. Hata leo sidhani kwamba utetezi huo ni uongo. Wanaolaani kila aina ya uchaguzi aghalabu hawajawahi kushika kopo la mwisho la mafuta na kuamua walimimine wapi.

Lakini kuna jambo moja katika ile karata ya kijani ambalo lilinikalia moyoni. Mwenye Channel analipa kwa uhai wake mwenyewe. Akilipa 17, ni zake. Moto ule ukizuiwa, na mjukuu wangu aliniambia kwamba watu wa buluu wana karata za kuzuia, ni yeye anayebaki na pointi tatu na mikono mitupu. Mchezo ule, pamoja na ukatili wake wote, una adabu hiyo. Mimi mwaka 1985 nililipa kwa uhai wa nani? Tisa wale wangeshindwa, mimi ningebaki mwalimu mkuu na mshahara wangu. Waliolipa ni 38, nao hawakujua kwamba wanalipa. Hatukuwaambia. Tuliwaambia wafanye bidii, mtihani ni wa wote. Walikaa kwenye madawati yale yale, wakachongewa penseli zile zile, wakadhani na wao wanacheza.

Hapo ndipo ninapoliona kosa langu, na ninalitenga na mengine. Kuchagua tisa ningeweza kukubali tena. Lakini ningewaita wazazi wote chini ya mti, niwaambie: mafuta ni haya, watoto ni hawa, maharage ni ya jasho la watoto wenu, mnasemaje? Labda wangekubali. Labda wangesema zamu zigawanywe, au nusu ya maharage irudi majumbani. Labda baba mmoja angeuliza kwa nini mtoto wa mwalimu mkuu yumo. Naamini niliogopa swali hilo, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Asubuhi nilimsimulia mjukuu wangu, kwa ufupi, bila kumtaja baba yake. Alisikiliza, kisha akanitetea kwa njia yake. Akasema karata ya msitu haidharauliwi, Babu. Bila misitu hakuna Channel, kila karata ina kazi yake katika fungu. Nikamjibu kwamba hotuba hiyo naifahamu, nimeitoa mara nyingi mbele ya mstari wa asubuhi. Msitu hauna mama anayeusubiri nyumbani na matokeo. Alinyamaza, kisha akaniomba nichukue fungu jingine tucheze. Alinishinda katika zamu yangu ya nne. Nilikuwa na nyoka mmoja mezani na sikuwahi kumtumia.

Lipo jambo jingine. Sokoni hapa Mazwi kuna mama mmoja anayeuza maharage. Alikuwa katika lile darasa, miongoni mwa 38. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimesimama mbele ya magunia yake bila kumtambua, aliniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” kisha akanikumbusha yeye ni nani. “Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza ile taa mafuta,” akasema. Nikakumbuka. Alikuwa na mikono mitulivu, hakumwaga hata tone, kwa hiyo tulimpa kazi ile. Kila jioni alijaza karabai, akaipangusa kioo, akaiweka juu ya meza, kisha akatuaga akaenda nyumbani kabla haijawashwa. Alinisimulia hayo akicheka, kama mtu anavyosimulia utundu wa shuleni, na kuwaambia wauzaji wenzake kwamba huyu mzee alikuwa mkali mno.

Kila Jumamosi nanunua maharage kwake, sado moja, mbili tukiwa na wageni. Sijamwambia yoyote kati ya haya niliyoyaandika. Namwambia tu apime sawasawa, asiniongezee, na yeye kila mara anajaza sado mpaka juu, kisha anachota konzi nyingine na kuitia mfukoni mwangu.