Nitakaporudi



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Nikianza na Injili moja kwa moja mtadhani nawasema ninyi.

Kabla sijaenda kusoma falsafa, vijana wa parokia yetu tulikwenda siku moja ya Kwaresima kutembelea nyumba ya kuhifadhi watoto kwa muda. Sitaitaja. Wengi wa watoto wale walikuwa wametolewa Kariakoo, wale unaowakuta usiku wamejikunja juu ya maboksi barazani mwa maduka, mchana wanabeba mizigo ya watu kwa shilingi mia mbili, mia tatu. Tulipeleka sabuni, sukari, mchele na ndala. Tulifika saa nne, tukaimba, tukasali, tukapiga picha (jamani, picha zilikuwa nyingi!), na saa saba tukaanza kuondoka. Getini, mtoto mmoja wa kama miaka tisa akanishika mkono.

"Kaka, mnarudi lini?"

Nikamjibu hata bila kufikiri: "Jumamosi ijayo, mdogo wangu."

Jumamosi ile nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Iliyofuata sikumbuki hata nilikuwa wapi. Picha yangu na yule mtoto ilikuwa imeshakaa kwenye status, na watu walinipongeza kwa moyo wa huruma.

Sasa tufungue Luka sura ya 10. Habari ya Msamaria Mwema tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na karibu kila homilia inaishia pale barabarani: kuhani kapita, Mlawi kapita, Msamaria kasimama, mafuta, divai, punda. Basi. Lakini Yesu hakuishia pale. Kuna nyumba ya wageni. Majeruhi anafikishwa mahali pa kuhifadhiwa kwa muda, anakabidhiwa kwa mtu ambaye hakumwokota yeye, na Msamaria anatoa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili. Kisha anamwambia mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi, atamlipa atakaporudi.

Kurudi kwake kuna faida mbili. Mwenye nyumba anajua deni lake litalipwa. Anajua pia kwamba siku moja mtu atasimama mlangoni na kuuliza: yuko wapi yule niliyekuachia? Anakula? Kidonda kimefunga? Msamaria hamtukani kwa kuuliza hivyo, wala hamwiti mwizi.

Nasema hivi kwa sababu katika Kanisa letu tuna ugonjwa mmoja. Mtu akipokea watoto wasio na kwao, tunamwona mtakatifu, na mtakatifu haulizwi maswali. Afisa ustawi wa jamii akija na karatasi zake tunanung'unika: "Serikali haisaidii chochote, inakuja kukagua tu!" Manung'uniko yana ukweli kiasi fulani, najua. Ila Mtakatifu Toma wa Akwino anatufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliandika mwaka 2009, katika Caritas in Veritate, kwamba upendo unaipita haki lakini haukosi kamwe kuwa na haki ndani yake. Kwa hiyo godoro, neti na choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, mtoto hapewi kama zawadi ya Pasaka. Ni vyake.

Mwaka huohuo wa 2009 nchi yetu ilipata Sheria ya Mtoto. Inamtaja mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, inataka maslahi yake yatangulie, na inampa haki ya kusema anachofikiri katika mambo yanayomhusu. Inakataza mtu kuendesha makao ya watoto bila leseni. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mwaka ule miongozo juu ya watoto wasio chini ya uangalizi wa wazazi wao, na miongozo hiyo inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto nyumbani, ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito, na kinachoitwa cha muda kiwe kweli cha muda. Hapo kwenye "muda" ndipo penye kazi. Mtoto anaingia kwa wiki mbili, anakuja kutoka baada ya miaka sita, na hakuna aliyefanya ubaya wowote. Hakuna aliyemtafuta bibi yake, basi.

Ndiyo maana faili ni kitu kitakatifu kuliko tunavyodhani. Jina la mtoto, ametoka wapi, nani alimleta na lini, ndugu zake ni akina nani, ameugua nini, mpango wake ni upi. Na hii kwa Kariakoo ina uzito wake. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo palikuwa na kambi yao. Walikufa maelfu kwa maelfu, na wengi wao hatujui hata majina, kwa kuwa aliyewahesabu alihesabu mabega ya kubebea mizigo. Mtoto anayelala leo Kariakoo akiitwa tu "dogo", kisha akaingia kituoni akaandikwa "mvulana, umri haujulikani" na habari ikaishia hapo, tunarudia jambo la zamani sana.

Msinielewe vibaya. Wapo waliofanya vizuri, tena hapahapa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha kituo cha Dogodogo kwa ajili ya watoto wa mitaani, wakapata pa kulala, masomo na ufundi. Na mwenye kupenda historia ndefu zaidi amsome Don Bosco. Vijana wa kwanza aliowalaza kule Torino walitoroka na mablanketi! Mei 1847, usiku wa mvua, akaja kijana yatima anatafuta kazi ya uashi. Mama Margherita, mama mzazi wa Don Bosco, alimpa chakula, akamtengenezea kitanda cha matofali na mbao jikoni, akaongea naye maneno machache kabla hajalala. Kisha wakafunga mlango kwa ufunguo, asije akaondoka na masufuria. Napenda kwamba habari hii haikufichwa. Walikuwa na hofu kama sisi, hawakuwa na fedha, na bado kijana alipata chakula, kitanda na mtu wa kumtakia usiku mwema. Wasalesiani wanaendelea na yale maneno ya usiku hadi leo.

Basi vijana, mkipanga matendo ya huruma, sukari pelekeni. Lakini piga simu kwanza uulize wanahitaji nini na saa ngapi hamtavuruga ratiba ya watoto. Simu za picha ziacheni mfukoni. Sura ya mtoto aliyekimbia kipigo ikizunguka mtandaoni, anayemtafuta kwa ubaya anaiona pia. Ulizeni leseni, ulizeni kwa heshima. Wenye ndoa na nyumba zenu, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii habari za familia za kuaminika, zinazompokea mtoto kwa muda nyumbani. Na mkiona mtoto anaumizwa, awe kituoni, awe nyumbani, awe parokiani kwetu, namba ni 116, bure.

Mimi nilirudi. Ilinichukua mwaka na zaidi. Nilikwenda peke yangu, bila mchele, nikamuulizia yule mtoto kwa jina, maana angalau jina nililishika. Mlezi akatoa kauntabuku lenye jalada lililochakaa, akapitisha kidole, akanisomea: tarehe aliyoondoka, jina la afisa ustawi aliyemsindikiza, bibi yake aliyempokea, na chini yake tarehe mbili walizopiga simu kujua anaendeleaje. Anasoma, ameongezeka kilo.

Nilitaka kumuuliza kama yule mtoto aliwahi kusema chochote kuhusu ile Jumamosi. Mlezi alikuwa ameshafunga daftari, kuna mtoto mwingine alikuwa analia ndani.