Utakatifu wa Siku za Kazi

Tukimwuliza Mkristo wa Gitambi, huko Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, watakatifu hupatikana wapi, aghalabu atatutajia altare, nyumba za watawa au makaburi ya mashahidi. Ni nadra atutajie mizani ya kupimia mpunga unaovunwa katika bonde la Bugarama, jirani na kwake. Hata hivyo, huenda swali la utakatifu linaanzia penye mizani hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kulijibu swali hili. Katika hati yake juu ya Kanisa, iliyotolewa mwaka 1964, ulifundisha kwamba wabatizwa wote wameitwa kuwa watakatifu, kila mmoja katika hali na kazi yake. Fundisho hilo ni rahisi kulikariri. Uzito wake huonekana pale kazi inapodai gharama.

Rusizi iko kusini mwa Ziwa Kivu. Kaskazini mwa ziwa hilo hilo, mjini Goma, nchini Kongo, alifanya kazi kijana mlei, Floribert Bwana Chui bin Kositi, mtumishi wa idara ya serikali ya kukagua bidhaa. Mwaka 2007 alipewa rushwa ili aruhusu mchele ulioharibika uuzwe kwa watu. Alikataa. Mwezi wa Julai mwaka huo alitekwa nyara akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Pengine msomaji atasema: huyo ni shahidi, na kifo cha namna hiyo si jambo la kila siku. Ni kweli. Lakini hebu tutafakari: lau wale watu wangeondoka zao na kumwacha hai, je, thamani ya kukataa kwake ingepungua? La hasha. Mchele ule ungekuwa hatari vile vile, na watoto ambao wangeulishwa wangekuwa watoto wa Mungu vile vile. Kifo kilitujulisha wema wake. Wema wenyewe ulikuwapo tayari mezani pake, kati ya karatasi na mihuri.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi walimu. Mzazi huja na kuku wiki ya mitihani, akiomba mwanawe aongezewe alama chache. Mzazi huyo ni jirani, na mshahara haujafika. Tukikataa, hakuna atakayetuua, wala hakuna atakayetusifu. Tutaambiwa tu kwamba tuna roho ngumu. Naye mtoto wa maskini, asiye na kuku wa kuleta, hatajua kamwe kwamba siku ile alitendewa haki.

Sala ya asubuhi ni ya lazima, kwani pasipo hiyo mtu huchoka upesi. Lakini ukweli wake hupimwa adhuhuri, mbele ya gunia la mkulima au daftari la mwanafunzi. Wahenga walinena kwamba wema hauozi. Basi tuuweke akiba katika kazi ya leo.