Nani Ana Koti?

Dadangu anaishi Seattle, Marekani. Majira ya baridi ya 2021, wakati wa Korona, wazazi wa shule ya mtoto wake waligawanyika: watoto wale chakula cha mchana nje ama ndani? Mtu akila lazima avue barakoa, na nje hewa inatembea, hatari inapungua. Lakini Desemba kule ni mvua na baridi, mpaka vidole vinakufa ganzi.

Dadangu alitaka nje. Mama mkwe anaumwa mapafu. Mzazi mwenzake akamwambia, “Mwanangu hana koti zito. Wewe unalinda nyanya. Wangu atalindwa na nani?” Dadangu aliponisimulia, nilikosa jibu. Wote wawili walisukumwa na upendo.

Paulo naye aliwaandikia Warumi waliokuwa wakigombania chakula. Soma sura ya 14 na 15. Aliye na nguvu ndiye anayeambiwa amchukulie mwenzake. Basi nikamwambia dadangu: kabla hujawatoa watoto nje, mnunulie yule mtoto koti.

Mpendwa, msimamo wako ni mzuri. Lakini gharama yake inalipwa na nani?