Je, Mwenye Kisukari Akapunguze Tumbo kwa Upasuaji?

Zamani swali hili lisingeulizwa Kyela. Katika nchi hii ya mpunga, ndizi na kakao, mtu mwenye tumbo alihesabiwa kuwa ameshiba, na nyumba yake ina baraka. Siku hizi mambo yamegeuka. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, inatoa huduma za kupunguza uzito na upasuaji rekebishi, na habari zake zinafika Ipinda na Matema kwa simu za mkononi. Baadhi yetu tumeanza kuuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada: Je, ni dhambi kunyonywa mafuta ya tumbo? Na mara nyingi anayeuliza ni mtu mwenye presha au kisukari, au aliyewahi kuambiwa kuwa moyo wake una shida.

Tuanze na hilo la dhambi. Hatuoni andiko linalomkataza Mkristo kuutengeneza mwili wake. Tunang'oa meno mabovu, tunavaa miwani, tunashona jeraha lisiache kovu baya. Mama ambaye tumbo lake limelegea baada ya kuzaa watoto sita hapaswi kuchekwa kanisani, wala kuambiwa kuwa anaipenda dunia. Lakini Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kutofautisha kilicho halali na kinachofaa. Basi swali letu ni hili: Je, upasuaji huu unamfaa mtu huyu, mwenye ugonjwa huu?

Hapo hatuwezi kujibu bila maarifa. Mafuta ya tumbo ni ya aina mbili: yaliyo chini ya ngozi, na yaliyo ndani kabisa yakizunguka ini na utumbo. Mrija wa daktari hunyonya yale ya chini ya ngozi tu. Ya ndani, ambayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, hubaki pale pale. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 15 wanene, 7 kati yao wakiwa na kisukari, walionyonywa takribani kilo 10 za mafuta. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, mwili haukuwa umeanza kuitumia sukari vizuri zaidi, wala presha haikuwa imeshuka. Kwa hiyo anayeutafuta upasuaji huu kama dawa ya kisukari amekosea njia.

Tena ziko hatari. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha maambukizi. Damu yaweza kuganda mguuni ikapanda hadi mapafuni. Maji mengi yanayoingizwa mwilini wakati wa kazi hiyo humwelemea mwenye moyo au figo dhaifu. Na kwetu tunaoishi kando ya Ziwa Nyasa kuna jambo la kuongeza: si kila tumbo kubwa ni mafuta. Kichocho cha tumbo kinaweza kuharibu ini hata tumbo likajaa maji. Uvimbe wa kizazi nao humfanya mama aonekane mnene. Tumbo lipimwe kwanza, lijulikane lina nini.

Novemba 2007 huko Marekani alifariki Donda West, aliyekuwa profesa wa Kiingereza na mama wa mwanamuziki Kanye West, siku moja baada ya upasuaji wa tumbo na matiti. Alikuwa na miaka 58. Uchunguzi ulionyesha kuwa mishipa ya moyo wake ilikuwa na ugonjwa. Daktari mmoja aliyemwona kabla alieleza kwamba alimtaka kwanza apimwe na kupata kibali cha kiafya. Upasuaji ukafanywa na mwingine. Mwaka 2009 jimbo la California lilipitisha sheria yenye jina lake, inayotaka mtu apimwe kabla ya upasuaji wa urembo.

Wapendwa, hapa ndipo tunapoliona swali la imani. Kishawishi kikubwa cha mgonjwa ni kuficha. Anaogopa kukataliwa, basi anaacha kadi ya kliniki nyumbani, hasemi habari za vidonge anavyomeza kila asubuhi, kisha anasema, "Mungu atanilinda." Tukumbuke jaribu la Yesu juu ya kinara cha hekalu. Alishawishiwa ajitupe chini kwa kutegemea ahadi ya ulinzi, naye akakataa, kwa kuwa huko ni kumjaribu Mungu. Anayelala mezani kwa daktari huku ameficha ugonjwa wake anajitupa vivyo hivyo. Na daktari anayemwambia, "Si wewe," au, "Si sasa," amempenda kama jirani, hata kama neno lake linauma.

Hatusemi kwamba mwenye ugonjwa amefungiwa mlango daima. Wapo ambao sukari na presha zao zimetulia kwa muda mrefu, na daktari bingwa, akijua yote, akaona wanaweza. Wengine wataambiwa wasubiri, na wengine wasifanye kabisa. Kila mmoja aende na kweli yote: magonjwa, dawa zote pamoja na za mitishamba, na vipimo vya karibuni. Aulize nani atamlaza usingizi, na nani atamwangalia akirudi, maana kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni safari ndefu kwa mwenye kidonda kibichi.

Amweleze pia mume au mke wake. Bwana alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Gharama hapa si fedha tu. Yuko atakayeuguza, wako watoto watakaobaki, na ukoo mzima utakaokaa msibani likitokea la kutokea.

Injili ilipofika ufuko huu wa kaskazini mwaka 1891, tiba nayo ilifuata, na hata leo Matema ina hospitali ya Kilutheri. Wazee wetu walijifunza kumwomba Mungu na kumweleza mganga wa hospitali wanapoumwa, bila kuona kwamba kimoja kinakivunja kingine. Nasi tuombe ujasiri huohuo, wa kutaja ugonjwa wetu kwa jina lake mbele ya daktari, na kupokea jibu lake, liwe ndiyo au hapana.