Kata Hapo Tu

Baba mdogo alinipa DVD ya mazishi ya baba na maagizo mawili. La kwanza, niinakili kabla haijaharibika kabisa, kila mtu apate yake kwenye flashi. La pili alilitoa akiwa ameshasimama kuondoka: "Kuna hapo katikati, yule mama wa Tarakea anaongea. Kata hapo tu."

Nikasema sawa. Mzee akiongea amesimama, hujibu mengine.

Kama hujafika Illasit, ni mji wa mpakani huku kwetu Kajiado, chini ya Kilimanjaro. Ukivuka uko Tarakea, Tanzania. Watu huvuka kila siku na vitunguu, mahindi na mapenzi. Baba alivuka na hayo ya mwisho. Alikuwa na nyumba mbili, moja kila upande wa mpaka, na sisi wa upande huu tulijua na hatukusema. Siku ya mazishi, mwaka 2012, nyumba ya pili ilikuja. Mama mdogo akapewa maikrofoni, akaongea dakika kumi na moja, akawataja watoto wake watatu kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja akasimama.

Hizo ndizo dakika za kukatwa.

Laptopu yangu haina mahali pa kuingiza diski, kama nyingi za siku hizi. Nikaenda saiba moja yenye kompyuta kuukuu ya mezani. Diski ilikuwa na mikwaruzo, na kila ikifika kwenye maombi, picha inaganda pasta akiwa ameinua mkono. Kwa hivyo sikuicheza. Nilitumia programu inayoitwa ddrescue, inayosoma diski kipande kwa kipande, baiti 2048 kila kipande. Ikifika mahali pasiposomeka haikati tamaa: inaandika pembeni kwamba hapa nimeshindwa, inaendelea mbele, halafu inarudi kujaribu tena. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi nikakuta faili moja tu, jina lake linaishia na herufi tatu: iso.

Wengi wetu tulikutana na ISO tukitafuta magemu au Windows ya bure, kwa hivyo hatukuwahi kujiuliza ni kitu gani. Jina linatokana na ISO 9660, kiwango cha mwaka 1988 cha kupanga mafaili kwenye CD, na likabaki hata DVD zilipokuja. Faili ya ISO ni taswira ya diski nzima. Hutoi video peke yake ukaacha mengine. Unachukua kila kipande kwa mpangilio wake: menyu mbaya ya yule mpiga video, maua yake ya rangi ya waridi, hata nafasi zilizobaki tupu.

Zamani ulihitaji programu kama Daemon Tools kuifungua. Tangu Windows 8, mwaka 2012 huohuo, unabofya mara mbili na inatokea draivu mpya, tuseme E, ambayo haipo popote. Hiyo ndiyo draivu pepe. Kompyuta inaamini kuna mtu ameingiza diski. Nilibofya, na baba akatokea kwenye jeneza lake kwenye mashine isiyo na hata tundu la kuingiza DVD.

Hapo ndipo swali liliponishika. Draivu pepe inadanganya. Inaiambia kompyuta kuna diski wakati hakuna. Sasa kama nimeshakubali uongo huo, tena kwa furaha, kwa nini huu mwingine wa dakika kumi na moja unanikwama kooni?

Nadhani ni kwa sababu uongo hauna sura moja. Draivu pepe inadanganya kuhusu chombo. Haidanganyi kuhusu kilichomo. Ukiniuliza "diski iko wapi?" nitakwambia haipo, na hakuna aliyepoteza kitu. Nikikata na kukupa flashi nikisema "haya, hii ndiyo DVD ya mazishi," chombo ni cha kweli kabisa, unaweza kukishika mkononi, ila kilichomo ni uongo. Na aliyepoteza yupo. Ana jina, alisimama alipotajwa.

ISO yenyewe ilinisukuma kufikiri hivyo. Ukiifungua kwenye draivu pepe, unaweza kusoma tu. Huwezi kufuta wala kuongeza. Ili nikate, ningelazimika kuitoa video, kuihariri, kisha kuandaa nyingine ya kugawa. Yaani hakuna kukata kwa bahati mbaya. Ni kazi ya mchana mzima, na kila hatua unajua unachofanya.

Lakini nisimfanye baba mdogo kuwa shetani. Nilipompigia kumwambia ninasita, alinijibu kwa utulivu. "Kijana wangu, kwani yule wa kamera hakukata? Alipiga masaa sita, akatupa masaa mawili. Hukumlaumu. Mimi nataka mama yako apumzike." Hoja yake ina uzito. Hakuna diski yenye siku nzima ndani. Kamera ilikuwa imeshachagua pa kuangalia, na mhariri ameshachagua pa kuacha. Ninacholinda ni mabaki.

Tofauti ninayoiona ni hii: yule wa kamera alikata asichokihitaji, na hakuwa na shamba.

Kwa sababu kuna shamba. Ekari nne, na kesi ya urithi haijaisha. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 3(5), inasema mwanamke aliyeolewa kwa mfumo unaoruhusu wake wengi ni mke mbele ya urithi, hata kama mume alifunga ndoa ya mke mmoja na mwingine. Lakini kwanza athibitishe kwamba aliolewa. Dakika kumi na moja mbele ya kaburi, wazee wa ukoo wamekaa nyuma yake na hakuna anayepinga, si jambo dogo kwa mtu asiye na cheti.

Halafu nikasoma Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 106B. Ushahidi wa kielektroniki unaambatana na cheti kinachoeleza nakala ilitengenezwaje na kwa mashine gani, kikiwa na sahihi ya mhusika. Mhusika ni nani hapa? Ni mimi, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, ambaye hajawahi kuombwa sahihi ya maana. Nilijiona nimeshika kalamu.

Kabla sijafanya lolote nilimwonyesha Mama. Aibu, kama ipo, ni yake kwanza. Si haki yangu kuwa jasiri kwa mgongo wake. Tulikaa jikoni, laptopu juu ya ndoo. Aliangalia zile dakika kumi na moja bila neno. Kisha akaniambia, "Rudisha nyuma, baba." Nikarudisha. Alikuwa anawatazama wale watoto.

"Walikuwa wadogo hivi?" akauliza.

Akainuka kuangalia chai. Hakuniambia nikate wala nisikate, na sitajifanya kwamba aliniruhusu.

Sikukata. Nilikokotoa alama ya SHA-256 ya ile faili, herufi na tarakimu 64 ambazo hubadilika ukigusa hata biti moja, nikaiandika kwenye karatasi na tarehe. Nikatoa flashi nne: ya Mama, ya baba mdogo, ya shangazi, ya Tarakea. Ya baba mdogo nilimpelekea mwenyewe na kumwambia iko nzima, na kwamba akitaka iliyokatwa nitamkatia, ila nitaandika juu yake kwamba imekatwa. Aliichukua. Tangu siku hiyo akiharibikiwa na simu anaipeleka dukani.

Ya nne nilivuka nayo kwa bodaboda. Dada yangu mkubwa wa kule ana laptopu ya kazini, nayo haina mahali pa diski. Akabofya mara mbili, ikatokea E. Akaniuliza diski yenyewe iko wapi. Nikamwambia ninayo nyumbani, imechakaa, haisomeki tena vizuri.

"Basi itunze," akasema, akasogeza kiti karibu.